Tengeru: Makaburi yanayowarudisha wajukuu hadi Siberia

Watalii wengi wanaotua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) kuelekea Karatu na Kreta ya Ngorongoro hupita Tengeru, wilayani Arumeru, bila kusimama. Wachache husimama, tena wakiwa na jina la bibi au mjomba mkononi. Hao hutafuta makaburi ya Wapolandi, yapatayo 150, katika eneo la chuo cha mifugo.

Safari ya marehemu hao haikuanzia Afrika. Umoja wa Kisovieti ulipoivamia Poland Septemba 17, 1939, familia nzima zilianza kupakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa kaskazini mwa Urusi, Siberia na Kazakhstan, ambako wengi walilazimishwa kukata magogo. Hawakufikishwa mahakamani, amri ya utawala ilitosha. Kwa sababu hiyo, mjukuu anayesaka hukumu ya babu yake aghalabu haioni. Jina limo katika orodha za familia zilizosafirishwa.

Tarehe ya kuondolewa hueleza mengi kuliko watafutaji wengi wanavyodhani. Walioondolewa Februari 10, 1940 walikuwa hasa askari wastaafu waliopewa mashamba mashariki mwa Poland, pamoja na wahudumu wa misitu. Aprili ikawa zamu ya wake na watoto wa wanaume waliokwisha kukamatwa. Juni walichukuliwa wakimbizi waliotoka magharibi, wengi wao Wayahudi.

Mkataba wa Julai 30, 1941 baina ya Poland na Wasovieti ndio uliofungua mlango. Mwaka 1942 watu wapatao 115,000, askari na raia, walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran. Baadhi ya raia waliletwa Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea karibu 5,000, wengi wanawake na watoto, kwani wanaume walikuwa jeshini. Kambi nyingine za Tanganyika zilikuwa Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro.

Leo utafutaji huanzia katika orodha ya walioteswa inayotunzwa na Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Poland, inayopatikana kwa intaneti. Taasisi ya Hoover nchini Marekani ina maelezo ya walionusurika, na Taasisi ya Sikorski jijini London ina nyaraka nyingine. Kikwazo ni tahajia: jina liliandikwa kwa herufi za Kirusi, kisha karani wa Kiingereza akaliandika alivyolisikia. Jina la baba, ambalo Wasovieti walilisajili, ndilo hutenganisha watu wawili wenye jina moja.

Baada ya vita, vijiji vya wengi wao vilibaki upande wa Wasovieti. Leo vimo Ukraine, Belarus na Lithuania. Waliorudi Poland walikuwa wachache. Wengine walikwenda Uingereza, Canada na Australia. Waliofia Siberia mara nyingi walizikwa bila alama, hivyo kwa baadhi ya koo jiwe la Tengeru ndilo pekee lenye jina lao.