Gari lililofichwa lisitembee



Majuma machache yaliyopita nilikuwa Makambako, pale njia panda ambapo barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya inaachana na ile ya Njombe na Songea. Nilimsindikiza mwalimu mmoja mstaafu wa Njombe, mzee ninayemheshimu tangu utoto wangu. Alikuwa na kiinua mgongo chake, na alitaka gari dogo la kubebea viazi kutoka shambani hadi barabarani. Dalali alitupokea kwa shikamoo nyingi, akafungua mlango wa gari moja jeupe linalong'aa, akamwonyesha Mzee kipimo cha mwendo.

"Mwalimu, soma mwenyewe. Kilomita elfu arobaini na mbili tu. Hili halijatembea. Tena ni la mwisho, wenzake wote wameshachukuliwa."

Fundi tuliyekwenda naye hakujibu. Aliinama chini ya usukani, akapapasa pedeli ya breki kwa kidole, kisha akamwita Mzee aone. Raba ilikuwa imelika hadi chuma kinachungulia. Fundi akasema polepole, "Mwalimu, kipimo kinaweza kurudishwa nyuma. Raba hairudi."

Maneno yale mawili ya dalali, "halijatembea" na "la mwisho", hayakuzaliwa Makambako. Yana historia ndefu, na kisa chake kikubwa kilitokea mbali, katika mji wa Detroit nchini Marekani. Nakiomba kisa hicho leo kitusaidie.

Kampuni ya Cadillac ilianzishwa Detroit mwaka 1902. Kwa miaka mingi jina hilo kwa Mmarekani lilikuwa na maana ile ile ambayo Mercedes Benz ilikuja kuwa nayo kwetu, hata tukawa na neno Wabenzi. Mwaka 1953 kampuni hiyo ilitoa gari la fahari lililoitwa Eldorado, na baadaye likawa gari la kutembelea mitaani ili watu waone. Toleo lililopendwa sana lilikuwa lile la paa la turubai, linalokunjwa nyuma watu wakapunga upepo.

Kufikia mwaka 1976 Eldorado lilikuwa limenenepa kupita kiasi. Urefu wake ulizidi mita tano na nusu, na injini yake ilikuwa ya lita 8.2. Lakini dunia ilikuwa imekwisha kubadilika. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani, na katika miezi michache bei ya pipa moja ikapanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Aidha, watengenezaji wa magari waliogopa kwamba serikali yao ingeweka sheria kali za usalama ambazo magari ya paa la turubai yasingeweza kuzitimiza. Wanunuzi nao walikuwa wamepungua. Basi Cadillac ikatangaza kwamba mwaka huo ungekuwa wa mwisho kwa magari ya namna hiyo.

Hapo ndipo tamaa ilipoamka. Watu walikimbilia madukani. Magari kama 14,000 ya aina hiyo yalitengenezwa mwaka huo, na 200 ya mwisho yalipakwa rangi nyeupe, yote sawasawa. Tarehe 21 Aprili 1976 la mwisho kabisa likatoka kiwandani mbele ya wapiga picha. Bei ya kawaida ilikuwa kama dola 11,000, lakini walanguzi walidai zaidi, na walipata. Wengi wa walionunua hawakununua gari la kutembelea. Walilifunika shuka, wakalifungia bandani, wakasubiri litajirishe watoto wao.

Sasa, msikilizaji, naomba turudi Makambako katika mwaka ule ule wa 1976, maana shida ile ile ya mafuta ilitufikia na sisi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, gari la fahari halikuwa jambo la kujivunia hadharani, na kuagiza gari kutoka nje kulihitaji kibali na fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Mafuta yalipopanda bei ikafika hatua magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri bila ruhusa maalumu. Wakati tajiri wa Detroit anafungia gari ili lipande bei, mwenye Land Rover wa Njombe analiegesha kwa kukosa petroli.

Lakini barabara yenyewe haikulala. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilinyimwa njia yake ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita kwetu kwa malori, kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliilinganisha na jehanamu. Barabara hiyo ikaja kuwekwa lami hadi Tunduma, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iligharimiwa kwa msaada na mikopo ya Marekani. Ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya sabini. Juu yake yalipita malori ya Fiat ya kampuni ya Zambia na Tanzania, usiku na mchana. Wachina nao walikuwa wakijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Makambako ikapata stesheni. Reli hiyo ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, miezi mitatu tu baada ya lile gari jeupe la Detroit kupigwa picha.

Linganisheni. Mwaka mmoja, vitu viwili. Kimoja kilitengenezwa ili kitembee mpaka kichakae, na kikaufanya Makambako, kituo cha njiani, uwe mji. Kingine kilifungiwa ili kisitembee hata kidogo. Katika miaka ya themanini Waingereza wakasaidia kujenga barabara ya lami kutoka Makambako kupitia Njombe hadi Songea, na viazi, mbao na chai ya nyanda zile vikapata njia. Hakuna aliyewahi kuisifu barabara kwa sababu haijapitwa.

Mwisho wa kisa cha Detroit ni huu. Mwaka 1984 Cadillac ilitoa tena Eldorado la paa la turubai. Wale waliokuwa wameweka akiba yao bandani wakahamaki, na baadhi yao wakaenda mahakamani wakidai kwamba wameuziwa "la mwisho" ambalo halikuwa la mwisho. Hadi leo magari hayo hutokea sokoni, yakitangazwa kuwa safi na yenye maili chache. Lakini dola 11,000 za 1976 zilikuwa na nguvu ya zaidi ya dola 50,000 za leo, na mengi ya magari hayo huuzwa chini ya hapo. Miaka yote ile ya kulinda na kufuta vumbi haikulipwa.

Tena gari lisilotembea halibaki jipya. Muulizeni fundi yeyote. Petroli iliyolala tangini hugeuka gundi. Mipira inayozuia oili hukauka ikapasuka, breki hushika kutu, na matairi hukaa bapa upande mmoja. Kilomita chache ni habari njema pale tu mwenye gari anapoweza kueleza lilifanya nini miaka yote hiyo.

Na ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1984 ndio bajeti yetu ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mlango ukafunguliwa, na baada ya muda magari yaliyokwisha tumika Japani yakaanza kumiminika. Pamoja nayo ikaja lugha ile: halijatembea, la mwisho. Wamarekani wenyewe, kwa kuwajua wauzaji wao, walipitisha sheria ya kukataza kurudisha nyuma vipimo vya mwendo tangu 1972. Wizi huo hauna kabila.

Simlaumu kila dalali, msikilizaji. Wapo waaminifu, nao wana watoto wa kulisha. Ninachosema ni kwamba neno "la mwisho" hukusudiwa kutunyima muda wa kufikiri, na neno "halijatembea" hukusudiwa kutunyima macho. Ukisikia yote mawili kwa pamoja, funga pochi kwanza.

Mzee alimshukuru dalali kwa adabu zote, akamwambia atarudi. Tukapanda basi kurudi Njombe. Njiani aliniuliza, "Hivi mwanangu, mimi nimefundisha miaka thelathini na minne. Na mimi wangesema nimetembea sana, sinunuliki?" Tulicheka wote, hata fundi.

Mwezi uliofuata alinunua gari la mizigo la mkulima mwenzake wa huko huko Njombe. Kipimo kinasoma kilomita laki mbili na kumi na nane elfu. Muuzaji alimpa daftari lenye tarehe za kila oili iliyobadilishwa. Viazi vinafika barabarani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.