Matairi makubwa kwenye gari la 4x4: Gharama huiangukia ekseli ya mbele

MAGARI ya mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza nchini mwaka wa 1989, huwavutia watazamaji kwa matairi yao makubwa. Si ajabu basi kumwona mwenye Suzuki Jimny akimtaka fundi alivishe lake matairi ya aina hiyo. Asichokiona ni kwamba mengi ya magari hayo ya mashindano hufanyiwa marekebisho makubwa upande wa chini. Lake lingali na ekseli ya mbele lililotoka nayo kiwandani, na ekseli hiyo ndiyo itakayolipa gharama.

Hesabu ya tairi

Jimny nyingi za injini ya lita 1.3, za muundo uliotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2018, zilitoka na tairi la 205/70R15. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi, kikiwa asilimia ya upana huo. Na ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kipenyo cha milimita 668. Tairi la 235/75R15 hufika takriban milimita 734, yaani ongezeko la karibu asilimia 10.

Hata hivyo, ekseli huinuka kutoka ardhini kwa nusu tu ya ongezeko hilo, ambayo ni kama milimita 33. Hiyo ndiyo faida yote ya kimo anayoipata dereva chini ya ekseli.

Mzigo unakoishia

Kadiri tairi linavyopanuka ndivyo shafti inavyolazimika kutumia nguvu zaidi kulizungusha. Tairi likishika mwamba barabara, nguvu inayoweza kupita kwenye shafti kabla halijateleza nayo huongezeka kwa karibu asilimia 10. Katika ekseli ya mbele kuna udhaifu wa ziada: shafti ina kiungo kinachojipinda ili gurudumu lizunguke huku likikata kona. Kiungo hicho huwa dhaifu zaidi usukani unapokatwa hadi mwisho. Ndiyo maana aghalabu huvunjika gari likiwa katika gia nzito, gurudumu limenaswa baina ya mawe na dereva anazidi kukanyaga mafuta.

Kwenye lami, ambapo Jimny ya muundo huo huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma pekee, kiungo hicho hupumzika. Lakini beringi za magurudumu, beringi za kingipini na ncha za tairodi hazipumziki. Tairi zito huzilemea kila linapogonga shimo. Zikilegea, usukani unaweza kutetemeka kwa ghafla na kwa nguvu gari likiwa kasini. Kubadilisha kidhibiti cha mtikisiko wa usukani huficha tu dalili. Ugonjwa hubaki palepale. Ringi zinazotokeza nje huzidisha mzigo huo.

Breki nazo huathirika. Kwa mkanyago uleule, nguvu ya kulisimamisha gari hupungua kwa takriban asilimia 9. Spidomita iliyokuwa sahihi ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu 88. Dereva anayeshuka mteremko mkali huwa amepoteza mara mbili: kasi imezidi anayoidhania na breki zimepungua nguvu.

Tahadhari

Kwa ekseli ya kiwandani, ni busara kuchagua ongezeko dogo. Tairi la 215/75R15 lina kipenyo cha takriban milimita 704, na huongeza kimo kwa karibu milimita 18.

Kabla ya kulifunga, inua gari kwa jeki, liweke juu ya vigingi imara, kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zirekebishwe kwanza. Kagua pia kama grisi au mafuta yanavuja penye kifundo cha gurudumu. Kata usukani pande zote mbili na uhakikishe tairi haligusi bodi wala springi.

Magurudumu yote manne yawe na kipenyo kimoja, na la akiba vilevile. Yakitofautiana, mfumo wa 4x4 hujikaza na kujiumiza. Ukikwama, nyoosha usukani na urudi nyuma badala ya kulazimisha. Ukipunguza upepo kwa ajili ya matope au mchanga, uujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Iarifu pia kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo.

Anayehitaji kimo zaidi ya hicho aanze kuimarisha shafti, gia za difu na breki. Matairi yawe ya mwisho kununuliwa.