WAQFU, WAFADHILI NA NAULI YA TEJA



Ndugu zangu katika imani, leo nazungumzia mateja. Ndiyo, hao hao tunaowafukuza kwenye baraza la msikiti viatu visipoonekana.

Unga ulianza kuingia pwani yetu miaka ya 1980. Mwanzo watu waliuvuta. Miaka ya mwanzo ya 2000 sindano ilikuwa imeshafika maskani za Dar es Salaam, watu wakapokezana bomba moja, na UKIMWI ukapita humo humo. Sisi wahubiri tulikemea. Mimi mwenyewe nilikemea sana, na simkumbuki hata mmoja aliyeacha kwa kukemewa.

Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni. Mwananyamala ikafuata 2012, Zanzibar 2015. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Inazuia arosto, basi mtu analala, anakula, anatafuta kibarua. Wapo wanaoniuliza: "Sheikh, huku si kuhamisha ulevi kutoka kikombe kimoja hadi kingine?" Nawaambia, mtazame mtu kabla hajaanza, mtazame tena baada ya miezi sita, kisha njoo tujadiliane.

Lakini teja hajipeleki kliniki. Anafuatwa maskani na waelimishaji, wengine wao walishapita huko huko, ndio wanaomshika mkono. Kazi hiyo ina gharama, na sehemu kubwa ilitoka Marekani kupitia mpango wake wa UKIMWI, PEPFAR. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Ndipo wengi wetu tukajua kwamba watoto wetu walikuwa wakitibiwa kwa fedha za watu wa mbali.

Na sisi si wageni wa jambo hili! Inasimuliwa kwamba Qalawun, kabla hajawa sultani, aliugua akatibiwa kwa dawa za hospitali ya Nur ad-Din kule Damascus, akaweka nadhiri. Alipotawala Misri akajenga hospitali yake Cairo, mwaka 1284 hadi 1285. Haikuendeshwa kwa michango ya kupitisha kofia. Aliiwekea waqfu wa maduka na mabafu ya kukodisha, kodi ikalipa matabibu, dawa na chakula cha wagonjwa, tajiri kwa maskini. Hospitali ikaendelea kutibu karne nyingi baada yake. Waqfu zetu nyingi leo ni za kujenga minara na kubadilisha mazulia. Sisemi ni vibaya, msikiti wangu nao una zulia jipya.

Mtaani kwetu yupo kijana aliyekuwa akija kwangu kila baada ya Alfajiri. Dawa ni bure, nauli si bure. Shilingi 1,200 kwenda na kurudi, kila siku, Idi ikiwemo. Nilidhani ananidanganya, siku moja nikapanda naye daladala hadi dirishani pa dawa. Alikuwa mkweli.

Tukatenga chumba kimoja cha duka la msikiti, kodi yake iwe nauli. Kwa sasa inatosha vijana watatu. Wa nne ameshaandikishwa, nauli yake bado.