Redio Moja, Vinywa Vingi

Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa miaka 16 kijijini Busi, wilaya ya Kondoa. Siku za kipindi kazi yangu ilikuwa kubeba redio ya jirani, betri zake zikiwa zimeanikwa juani mchana kutwa, mpaka uani kwa shangazi yangu. Huko tulikaa duara, wazee, akina mama na vijana, tukisikiliza "Mtu ni Afya".

Kampeni hiyo iliendeshwa nchi nzima na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa muda wa wiki 12. Ilikusudiwa kuwafikia watu milioni 1. Walioshiriki wakawa kama milioni 2. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na hapo ndipo ninapoiona hekima ya waliopanga. Kiongozi alifundishwa kuuliza na kusikiliza. Kazi ya kueleza aliiachia redio. Kipindi kikiisha, kitabu kilisomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma asibaki nyuma. Kisha watu walijadili malaria, kichocho, kuhara na maji machafu, na mwisho wakaamua wenyewe la kufanya.

Kwetu mambo hayakuanza vizuri. Kiongozi wetu alikuwa kijana msomi, na kila kipindi kilipokwisha alichukua zamu ya redio: akauliza yeye, akajibu yeye. Wiki ya tatu tulibaki watu 6. Ndipo shangazi, ambaye hata jina lake hakujua kuliandika, akamwambia kwa upole, kwa Kirangi: "Mwanangu, redio tumeisikia. Sasa na sisi tusikilizane."

Kijana aliona haya, akanyamaza. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, nilimsikia mama yangu akizungumza mbele ya wanaume. Alisema kwamba pale tunapochota maji ndipo ng'ombe wanaponywea, na kila mtu anajua ila hakuna anayesema. Wenye ng'ombe walikuwa wamekaa pale pale! Palizuka maneno makali. Lakini tulikuwa tumekubaliana kwamba mmoja amalize ndipo mwingine ajibu, kwa hiyo hakuna aliyeondoka kwa hasira. Tulitoka na uamuzi: watu wachote juu, ng'ombe wanywe chini. Na vyoo vikachimbwa bila mtu kufuatwa nyumbani kwake.

Novemba mwaka ule ule Serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, bali ni amri. Vijiji vilileta mema yake, shule na zahanati zikasogea karibu, nami sikatai. Ila naikumbuka mikutano yake. Watu walewale waliobishana juu ya maji walikuja, wakakaa kimya, wakapiga makofi, wakaenda zao. Akili walikuwa nazo. Walijua tu kwamba shauri limekwisha kukatwa kabla hawajaitwa.

Tangu hapo nimekaa katika vikao vingi, vya ushirika, vya shule na vya ukoo. Mara nyingi husikia viongozi wakilalamika kwamba watu hawa hawachangii mawazo. Ndugu msomaji, ukilisikia lalamiko hilo, usikimbilie kuwalaumu walionyamaza. Tazama kwanza ni nani aliyechukua zamu ya redio, na kama uamuzi ungalipo wa kufanywa.