Wajibu wa Kumwarifu Mkandarasi Aliyepo: Mabadiliko ya Utoaji wa Taarifa za Zabuni za Serikali ya Shirikisho la Marekani, 1984–2019

Mkataba wa huduma au ugavi unapokaribia kwisha, taasisi ya serikali hutangaza zabuni mpya. Mkandarasi anayeitekeleza kazi hiyo wakati huo anazijua gharama zake halisi na ana uwezo wa kuiendeleza, na mara nyingi ajira za watu wake hutegemea mkataba huo. Hata hivyo, katika historia ya ununuzi wa umma nchini Marekani wamekuwapo wakandarasi waliokuja kugundua kwamba kazi yao imeshindaniwa na kutolewa kwa mwingine bila wao kupata nyaraka za zabuni. Makala hii inachunguza namna wajibu wa kumwarifu mkandarasi wa aina hiyo ulivyozaliwa, ukakua, kisha ukahamishiwa kwa sehemu kubwa mabegani mwa mkandarasi mwenyewe.

Msingi wa kutangaza zabuni ni wa zamani. Sheria ya mwaka 1809 ilizitaka idara za serikali kununua mahitaji yao sokoni waziwazi, au kutangaza kwanza ili watu walete mapendekezo yao. Sheria ya Ununuzi wa Vikosi vya Ulinzi ya mwaka 1947 iliendeleza fikra hiyo kwa kuufanya utangazaji rasmi kuwa njia inayopewa kipaumbele. Sheria hizo zilizungumzia umma kwa jumla. Suala la mtu mahususi aliyestahili kuarifiwa liliachiwa utaratibu wa kiofisi, hususan orodha za wazabuni. Kampuni ilijaza fomu ya kuomba kuingizwa katika orodha, na ofisi ya ununuzi ikaitumia orodha hiyo kupeleka mialiko kwa posta.

Ulinzi uliotolewa na orodha hizo ulikuwa mdogo. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, iliyoundwa mwaka 1921 na ambayo ndiyo ilisikiliza malalamiko ya wazabuni, ilishikilia kwa miaka mingi kanuni moja. Ikiwa mkandarasi hakupelekewa mwaliko kwa bahati mbaya, matokeo ya zabuni hayakutenguliwa, mradi wazabuni wengine wa kutosha walijitokeza, bei ilikuwa ya haki, na hapakuwa na nia ya makusudi ya kumtenga. Kwa hiyo kipimo kilikuwa maslahi ya serikali. Mlalamikaji alitakiwa kuthibitisha nia mbaya ya ofisa, na jambo hilo ni gumu kuthibitishwa na mtu aliye nje ya ofisi.

Kanuni hiyo ilitikiswa na Sheria ya Ushindani katika Mikataba ya mwaka 1984. Bunge la Marekani liliweka lengo la ushindani kamili na wa wazi, yaani kila mwenye sifa aruhusiwe kuleta zabuni. Pamoja na hilo, utaratibu wa kutangaza kabla ya kununua uliimarishwa: kwa ununuzi wa kawaida, tangazo lilipaswa kutolewa siku zisizopungua 15 kabla ya nyaraka za zabuni kutolewa, na wazabuni wapewe siku zisizopungua 30 za kujibu. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba zabuni mbili au tatu zenye bei nzuri zinatosha kufunika kosa la kumsahau mzabuni aliyejulikana vema kuliko wote.

Katika uamuzi wa mwaka 1986 kuhusu kampuni ya Trans World Maintenance, Ofisi ya Mkaguzi iliyakubali malalamiko ya mkandarasi aliyekuwapo ambaye hakupewa nyaraka. Mwaka 1988, katika shauri la kampuni ya Abel Converting, mahakama ya wilaya ya shirikisho mjini Washington nayo iliona kwamba kutompelekea mwaliko mkandarasi aliyekuwapo kulikwenda kinyume na sheria ya 1984. Uzito wa hoja ulihama kutoka kwenye nia ya ofisa hadi kwenye juhudi zake: je, taasisi ilichukua hatua za maana kuhakikisha kwamba nyaraka zinawafikia wanaostahili?

Hata hivyo, wajibu huo haukuwa wa upande mmoja. Maamuzi ya kipindi hicho yalimtaka pia mkandarasi atumie kila nafasi iliyokuwa wazi kwake kuzipata nyaraka. Aliyejua kwamba mkataba wake unakaribia kwisha, akaona tangazo katika gazeti la serikali la Commerce Business Daily, kisha akakaa kimya, hakuweza kuitupia taasisi lawama yote. Kipimo hiki cha pande mbili kiliendana na mazingira ya karatasi na posta. Tangazo gazetini lilikuwa muhtasari tu. Nyaraka kamili ziliombwa kwa barua na kuletwa kwa barua, na bahasha ingeweza kupotea katika kila hatua ya safari hiyo.

Mwaka 2001 mfumo wa mtandaoni uitwao FedBizOpps ulifanywa kuwa lango moja la matangazo ya zabuni za shirikisho, na gazeti lile likakoma kutumika. Orodha za posta nazo ziliondolewa katika kanuni za ununuzi. Kuanzia hapo, tangazo lililowekwa ipasavyo kwenye lango lilihesabiwa kuwa limemfikia kila mzabuni, awe amelisoma au hakulisoma. Mkandarasi aliyekuwapo hakuwa tena na haki ya jumla ya kupelekewa taarifa binafsi. Alitarajiwa kulitazama lango na kujiandikisha ili apokee taarifa kwa barua pepe.

Mabadiliko hayo yalikuwa na mantiki yake. Mwaliko binafsi kwa mkandarasi aliyepo ungeweza kuonekana kuwa upendeleo kwa mtu ambaye tayari ana faida ya uzoefu, ilhali lango moja linawapa wote taarifa ileile kwa wakati uleule. Lakini dhana kwamba tangazo limemfikia kila mtu ina haki pale tu tangazo linapoweza kupatikana na anayelitafuta. Jambo hili lilijitokeza mwaka 2002 katika shauri la Military Agency Services, na tena mwaka 2009 katika shauri la TMI Management Systems. Katika mashauri yote mawili tangazo liliwekwa chini ya kundi lisilo lake, na Ofisi ya Mkaguzi ikayakubali malalamiko. Kwa maneno mengine, taasisi haikuwa imeondolewa wajibu. Wajibu wa kupeleka barua ulikuwa umegeuka kuwa wajibu wa kutangaza kwa usahihi.

Mwaka 2019 matangazo yalihamishiwa kwenye mfumo wa SAM.gov, na misingi iliyojengwa ikabaki ileile. Historia hii inaonyesha kwamba taarifa ni sehemu ya ushindani wenyewe. Haki ya kuleta zabuni haina maana kwa mtu ambaye hakupata njia ya kujua kwamba zabuni ipo. Teknolojia iliipunguzia serikali kazi ya kubandika stempu na kumwongezea mkandarasi kazi ya kukesha langoni. Uhalali wa mgawanyo huo unategemea sharti moja, kwamba anayekesha hapo aweze kuona kinachopita.