Mkono Penye Plau: Wito wa Uanafunzi katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Sura ya tisa ya Injili ya Luka inaishia kwa mazungumzo matatu mafupi ya njiani, katika aya ya 57 hadi 62. Yesu ameukaza uso wake kuelekea Yerusalemu, na kijiji cha Wasamaria kimetoka tu kumnyima malazi. Mtu wa kwanza anajitolea kumfuata popote aendapo. Anajibiwa kwamba hata wanyama wa porini na ndege wana makao, ila Mwana wa Adamu hana mahali pa kulaza kichwa chake. Wa pili anaitwa, anaomba kwanza akamzike baba yake, na ruhusa hiyo hapewi. Wa tatu anataka kuwaaga watu wa nyumbani kwake. Anaambiwa kwamba anayeshika plau huku akitazama nyuma hafai kwa ufalme wa Mungu. Mathayo, katika sura yake ya nane, anawataja wawili wa kwanza tu. Yule wa plau ni wa Luka peke yake. Wala Luka hasemi watatu hao walijibu nini, kama walimfuata au walirudi nyumbani.

Wakristo wa karne za mwanzo waliuona ukimya huo kuwa nafasi aliyoachiwa msomaji. Origen wa Aleksandria, aliyefariki katikati ya karne ya tatu, alifundisha kwamba Maandiko yana mwili na roho, na kwamba chini ya habari inayosimuliwa kuna maana inayomhusu msomaji mwenyewe. Karne ya tano Yohana Cassian alizipanga maana hizo kuwa nne. Karne ya kumi na mbili mtawa Guigo wa Pili alieleza usomaji wa kimonaki kuwa ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele ya Mungu. Kwa njia hiyo, makao anayokosa mwanafunzi huwa ni usalama ambao nafsi hujijengea, baba asiyezikwa huwa ni yale yaliyokufa lakini bado yanautawala moyo, na plau huwa ni kazi ya neema inayogeuza udongo wa ndani.

Usomaji huo ni wa kweli, ila una hatari yake. Plau ikifanywa haraka kuwa mfano, mtu husahau kwamba ni chuma kinachopasua ardhi, na kwamba ardhi ina mwenyewe. Katika vilima vya Kericho na Bomet, nchini Kenya, hatari hiyo ilikuwa ndogo. Kifungu hiki kiliwafikia Wakipsigis, wenyeji wa vilima hivyo, wakati nyumba, baba na plau vilikuwa mambo yanayobishaniwa kila siku, na maana ya ndani ilibidi ipitie humo humo.

Wakipsigis hawakuhitaji kusubiri wamisionari ili wajue kumwomba Mungu wala kufuata mwalimu. Walimwomba Asis, ambaye jua ni ishara yake, na jamii ilikutana kwa ibada penye kapkoros, mahali palipotengwa kwa sadaka na maombi. Kijana aliingia utu uzima kwa njia ya tumdo: alitahiriwa, akakaa faraghani katika menjo pamoja na wenzake wa rika, na humo akawa chini ya motiriot, mlezi aliyemfundisha siri, adabu na wajibu. Alitoka akiwa mtu mwingine, na heshima aliyompa motiriot wake aliibeba maisha yote. Kwa hiyo, dhana ya kuitwa, kutengwa na nyumbani, kufundishwa na kurudi ukiwa umebadilika ilikuwa inajulikana. Kilichokuwa kigeni ni wito usiomrudisha mtu kwa watu wake. Menjo ilimtoa kijana nyumbani ili imrudishe akiwa na nafasi imara zaidi katika ukoo, na katika Luka anayeitwa haahidiwi kurudi.

Plau iliingia nchi hii ikiwa mikononi mwa misheni. Willis Hotchkiss, Mkweka kutoka Marekani, alifika Afrika Mashariki mwaka 1895 pamoja na Peter Cameron Scott na kundi la kwanza la Africa Inland Mission, lililoanzia kazi yake Ukambani. Mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa watatu walioanzisha misheni ya Wakweka ya Kaimosi. Miaka michache baadaye akaja kwa Wakipsigis, ambao wakoloni waliwaita Lumbwa, akaanzisha Lumbwa Industrial Mission. Jina hilo lilieleza imani yake kwamba Injili na kazi za mikono huenda pamoja. Mahindi, plau inayokokotwa na maksai na vinu vya maji vya kusagia nafaka vilienea kutokana na misheni kama hiyo, na kufikia miaka ya 1930 plau ilikuwa chombo cha kawaida katika mashamba ya Wakipsigis.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko mavuno yenyewe. Kabla ya hapo wimbi lililimwa kwa jembe la mkono, na ng'ombe walikuwa mali ya heshima, mahari na maziwa. Plau ilimtia maksai nira na kumwingiza mwanamume katika kilimo kwa namna mpya. Mahindi yalipata soko katika mashamba makubwa ya chai, ambako maelfu ya wafanyakazi walihitaji posho. Aliyekuwa na plau alilima eneo kubwa, na aliyelima eneo kubwa alianza kulizungushia ua. Ardhi iliyokuwa ya malisho ya wote ikagawanyika kuwa ya huyu na ya yule, miaka mingi kabla serikali haijatoa hati.

Hapa ndipo kifungu cha Luka kinapopata uzito ambao vitabu vya ufafanuzi vya Ulaya havikuweza kuuona. Katika Injili, plau ni ishara ya mtu aliyekwisha kuaga nyumbani. Kericho plau ilikuwa ndiyo inayomkalisha mtu nyumbani, ikampa shamba, ua na mazao ya kuuza. Mwongofu wa Lumbwa Industrial Mission alipokea vyote viwili kwa wakati mmoja, neno linalomtaka asitazame nyuma na chombo kinachomfunga kwenye ardhi. Suala lake halikuwa kuacha jembe la mababu peke yake. Ilimbidi pia ajiulize kama utajiri mpya uliokuja na Ukristo haukuwa umegeuka kuwa lile jambo la nyuma linalomgeuza shingo. Hilo ni swali la ndani kwa maana kamili, na lilizaliwa shambani.

Mkulima wa plau pia alikuwa shahidi mzuri wa mfano wenyewe. Anayeshika mikono ya plau kwenye mteremko hutazama mbele, kwa maksai na kwa alama ya mwisho wa shamba. Akigeuka tu, mfereji unapinda na kila mfereji unaofuata hupinda pamoja nao. Wafugaji walikuwa na jambo jingine la kuona. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, kinasimulia jinsi Elisha alivyoitwa na Eliya akiwa analima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe. Elisha alipata nafasi ya kuwaaga wazazi wake, kisha akachinja maksai wake, akawapika kwa kuni za vyombo vyao na kuwalisha watu. Kwa jamii inayojua thamani ya maksai mmoja aliyezoea nira, kuchoma plau na kula maksai ni kukata njia ya kurudi. Luka anaiweka kauli ya Yesu karibu na habari hiyo, na kuikaza zaidi: Elisha aliaga, yule wa tatu haambiwi akaage.

Neno la baba liligusa pagumu zaidi. Katika dini ya Kiyahudi ya wakati wa Yesu kumzika mzazi kulikuwa wajibu uliotangulia karibu kila wajibu, na ndiyo sababu jibu lile lilishtua tangu mwanzo. Kwa Wakalenjin, ambao Wakipsigis ni sehemu yao, uzito haukuwa katika kaburi. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, aliandika kwamba maiti ya mtu wa kawaida ilipelekwa porini na kuachiwa fisi, na kwamba wazee sana na watoto wachanga ndio waliozikwa karibu na nyumbani. Uhusiano na baba uliendelea kwa njia ya majina. Mtoto alipozaliwa, wazee wa kike waliyataja majina ya waliofariki, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililomfanya apige chafya ndilo lililokuwa kurenet yake, jina la roho ya mzee aliyemrudia. Wafu wa ukoo walikuwa bado wanamsimamia aliye hai.

Kwa hiyo, kuacha kumzika baba, katika vilima hivi, kulikuwa na maana ya kuacha mlolongo wa majina. Wamisionari wengi walitaka hivyo waziwazi: ubatizo ulileta jina jipya, na mila zilizohusu mizimu zikakatazwa. Wakristo wenyewe walitenda kwa busara zaidi kuliko katazo hilo. Jina la ubatizo lilitumika kanisani na shuleni, na la ukoo likaendelea kuishi nyumbani, na mpaka leo Mkristo wa Litein au Sotik huwa nayo yote mawili. Wala Ukristo haukumwacha baba bila kuzikwa. Ulileta kaburi, sanduku, ibada na wimbo, na mazishi yakawa mkusanyiko mkubwa kuliko ibada nyingine yoyote. Anayesoma kifungu hiki huko hawezi kukichukua kama amri ya kutomzika mzazi. Analazimika kuuliza ni kitu gani hasa Yesu anakipa nafasi ya pili, na jibu lililo karibu zaidi na maandishi ni ile mamlaka ambayo marehemu huwa nayo juu ya uamuzi wa mwana.

Usomaji wa ndani ulipewa mafundisho rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1930, walipokuja wamisionari wa vuguvugu la utakatifu kutoka Marekani, chini ya chama kilichokuja kuitwa World Gospel Mission. Wao ni warithi wa John Wesley, aliyehubiri kwamba baada ya kusamehewa dhambi, Mkristo anaweza kutakaswa moyo hadi upendo wa Mungu utawale bila mpinzani. Kazi yao ilizaa Africa Gospel Church, chuo cha Biblia cha Kericho na hospitali ya Tenwek karibu na Bomet, ambayo ilipata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959, na tangu 1987 imejizalishia umeme kwa maporomoko ya mto Nyangores. Katika mafundisho hayo, wokovu ni hatua ya kwanza na utakaso ni ya pili. Watu watatu wa Luka wanaeleweka vizuri sana katika mpangilio huo: wote wamevutwa, hakuna anayemkataa Yesu, lakini kila mmoja bado ana neno "kwanza" au ana hesabu ambayo hajaifanya. Kuokoka kumewafikisha njiani. Bado moyo haujatolewa wote. Ushuhuda wa kanisani, ambapo mtu husimama na kueleza siku aliyojitoa kikamilifu, ulikuwa chombo cha kuusoma moyo huo hadharani.

Nguvu ya mafundisho hayo ilikuwa kumwaminisha mkulima wa kawaida kwamba maisha yake ya ndani yana historia inayostahili kusimuliwa. Udhaifu wake ulikuwa kukaa kimya kuhusu ardhi. Msafara wa kijeshi wa Waingereza ulikuwa umeipiga Sotik mwaka 1905. Ardhi yenye rutuba kati ya Kericho na Sotik ilitwaliwa, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na kampuni ya James Finlay zikapanda chai juu yake. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa orkoiik, hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria, ambako walikaa miongo karibu mitatu. Wafanyakazi waliotoka Kisii, Nyanza na nchi ya Waluhya waliishi katika nyumba za kampuni, na aliyeacha kazi aliacha na nyumba. Kutokuwa na mahali pa kulaza kichwa kulikuwa hali ya watu wengi wasioichagua. Kumhubiria mtu wa namna hiyo kwamba mwanafunzi hupaswa kuacha makao bila kutaja aliyemnyang'anya makao ni kulikata andiko nusu. Luka mwenyewe hafanyi hivyo: anaanza na kijiji kilichofunga milango.

Kwa Wakatoliki, kauli hiyo ya kwanza, ya kukosa makao, ilipata wasomaji wa pekee mwaka 1956, watawa Watrapisti wa Koningshoeven, Uholanzi, walipoanzisha monasteri ya Bikira Maria wa Victoria huko Kipkelion, mji ambao zamani uliitwa Lumbwa. Watrapisti hufuata Kanuni ya Benedikto ya karne ya sita. Siku yao hugawanyika kati ya zaburi, kazi ya mikono na usomaji wa Maandiko wa polepole, ule ule ulioelezwa na Guigo. Nje ya monasteri, desturi inayofanana na hiyo ilienea baada ya maaskofu wa Afrika Mashariki kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele mwaka 1976: majirani hukutana nyumbani, Injili husomwa kwa sauti, kila mmoja hutaja neno lililomgusa, hufuata kimya, kisha hupangwa tendo la kufanya.

Mtrapisti huweka nadhiri ambayo kwa juu juu inapingana na Luka: nadhiri ya kudumu, yaani kukaa katika jumuiya ile ile hadi kufa. Mapokeo ya kimonaki yanaeleza kwamba kutohama ndiko kunakomvua mtu makao ya ndani, kwa sababu asiyeweza kukimbilia mahali pengine hukutana na nafsi yake bila pazia. Ufafanuzi huo ulipata jaribio lake Januari 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliikumba Kipkelion, na mamia ya watu waliofukuzwa makwao walikimbilia monasterini. Watawa waliwapokea, na kwa kuwapokea wakawa nao hatarini. Mwaka huo huo jumuiya iliondoka Kenya, baada ya zaidi ya miaka hamsini, ikahamia eneo la Masaka kusini mwa Uganda, na huko ikaendelea na zaburi, kazi na usomaji wake.