Feza ya Bonane: historia ya siku kuu na mfuko wa jamaa katika Likasi

Katika kitabu hiki tumezoea kuandika juu ya ndoa, kilio na majina ya ukoo. Mara hii tunaandika juu ya feza. Wengine watasema feza si desturi. Sisi tunaona ni desturi kabisa, tena inaonekana vizuri kila mwaka kati ya tarehe 20 Desemba na tarehe 4 Januari, wakati kila nyumba ya Likasi inapaswa kula, kuvaa na kupokea wageni, na kisha kuamka mwezi wa kwanza na kukuta mfuko wa bunga umeisha, shule nayo inaomba feza ya trimestri ya pili.

Bonane ni neno tuliloletewa na Kifaransa, lakini haiko tena neno la Wazungu. Bonane ni mchele na kuku pahali pa bukari ya kila siku. Ni nguo mpya ya mtoto na kikwembe cha mama. Ni mtoto wa jirani anayesimama mlangoni na kusema "Bonane!" huku anakuangalia mikono. Nani atamrudisha bure? Njo maana wazazi wengi wanakopa: si kwa sababu ya njaa, lakini kwa sababu ya haya. "Batoto ya jirani bavae, ba kwangu babakie na manguo ya zamani?" Neno hilo tumelisikia Kikula na Panda, na kila anayelisema ni mtu wa akili zake.

Mji wetu, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville tangu 1931 na ambao ulirudia jina la Likasi katika mwaka wa 1966, ulikomaa ndani ya mikono ya Union Minière du Haut-Katanga, kampani iliyoundwa mwaka wa 1906. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 kampani ilipendelea mfanyakazi akae kambini pamoja na bibi na watoto, kuliko kumleta kutoka mbali na kumrudisha kila mara. Hapo posho ikakuwa nguzo ya nyumba: bunga, maharagi, samaki, mafuta, chumvi, na sehemu ya mama na ya watoto ikihesabiwa. Wazee wanasimulia wakati ule kama paradiso. Tunawaheshimu, lakini hapo hatukubali yote. Katika Desemba 1941, wakati vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei ya vitu na mushahara umebaki chini, wafanyakazi wa Panda na Shituru waligoma, na wenzao wa Elisabethville vilevile. Kule, tarehe 9 Desemba, askari waliwapiga risasi. Noeli ya mwaka ule kuko nyumba ambazo ilizikuta katika kilio.

Posho ilikuwa pia na fundisho lake la kificho. Chakula kilitoka ku kampani, kwa hiyo feza ya mkononi ilionekana kuwa ya nguo, ya pombe, ya kinga na ya siku kuu. Baba hakuzoea kuuliza bunga itatoka wapi Januari. Union Minière ilipochukuliwa na serikali mwaka wa 1967 na kufika kuwa Gécamines, zoezi hilo halikubadilika. Miaka mingi nyuma, posho yenyewe ilipopunguka na kisha kukatika, zoezi lilibaki peke yake, kama kivuli kisichokuwa na mti.

Lakini historia ya Bonane yetu haiko ya kampani tu. Iko pia ya serikali, na serikali imependa sana kutugusa katika majuma haya mawili. Majeshi ya ONU yaliingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963, siku mbili nyuma ya Bonane, wakati secession ya Katanga ilikuwa inakufa. Na franka ya Katanga, ambayo watu walikuwa wameweka katika masanduku yao, nayo ilifikia mwisho katika mwaka ule.

Kisha ikakuja 1979, na hapa tunataka kukaa kidogo. Tangu 1974 Mobutu alikuwa ameondoa Noeli katika siku za mapumziko, ikakuwa siku ya kazi kama zingine. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ileile, serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina nguvu tena. Mipaka ikafungwa. Watu wakapewa siku chache tu za kupeleka noti zao ku benki, na kiasi cha kubadilisha kikawekewa mpaka. Noti mpya hazikutosha. Mwenye kujuana na watu wa benki alipita mlango wa nyuma. Mwanakijiji wa mbali, ambaye alikuwa ameuza muhindi na kuweka feza chini ya kitanda, alibaki na makaratasi.

Tuelewe vizuri kitu kilichotokea pale. Watu walioumia zaidi hawakuwa wale waliokula feza yao bila akili. Ni wale waliotii shauri ambalo kila mhubiri na kila mwalimu anatoa: weka akiba, usitumie yote. Mama aliyekuwa amenunua mfuko wa bunga, kikwembe na bidoni ya mafuta tangu Novemba alifanya Bonane yake kwa amani. Yule aliyeweka noti, akingoja bei nzuri ya mwisho wa mwezi, alizipoteza au alikaa ku mustari mbele ya benki. Kwa hiyo tusicheke wamama wetu wanapokataa kuweka feza na kupenda kuweka bintu. Wanajua sababu.

Fundisho lilirudiwa. Mwezi wa Desemba 1992 ilitoka noti ya zaire 5.000.000, wafanyabiashara waliikataa, na katika Januari 1993 askari waliolipwa nayo walipora Kinshasa. Bei ilikuwa ingine asubuhi na ingine magaribi. Katika Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, na mwaka wa 1998 franka ya Kongo moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Anayependa hesabu azidishe mwenyewe. Siku zile za 1992 na 1993 kulikuwa tena na aibu ambayo mji wetu haupendi kuitaja: maelfu ya jirani zetu Wakasai, waliofukuzwa katika nyumba zao, walilala ku gare ya Likasi wakingojea treni. Hao walikuwa wameketi pamoja nasi katika vikundi vya akiba. Mtu akifukuzwa kabla ya zamu yake, nani anamrudishia feza yake? Swali hilo halikupata jibu mpaka leo.

Tunafika hivi ku likelemba. Ndugu zetu wa Copperbelt kule Zambia wanaiita chilimba, na kazi yake ni ileile. Wanawake kumi wanakubaliana kutoa, kwa mufano, dola 5 kila juma. Kila juma mmoja anachukua dola 50. Wakianza mwanzo wa Oktoba, zamu ya mwisho inaangukia mwanzo wa Desemba. Hakuna faida, hakuna karatasi ya benki. Wa kwanza amekopa bila kulipa faida. Wa mwisho amejiwekea akiba bila kuwa na kishawishi cha kuila. Ugomvi unakuja palepale: kila mtu anataka zamu ya Desemba. Vikundi vingine vinapiga kura. Vingine vinakataa feza na kununua mifuko ya bunga, sufuria au vikwembe kwa bei ya jumla, na kugawanya siku moja. Utaratibu huo wa mwisho njo sisi tunaupenda zaidi, kwa sababu unajibu pamoja 1979 na mwezi wa Januari. Desemba mpaka Machi, muhindi wa shamba ungali haujakomaa, bunga inapanda bei, na Katanga inategemea sana ile inayotoka Zambia. Kuku wa Bonane anaweza kukosekana. Bunga ya Januari, apana.

Katika foyer social ya kambi, wamama wa Kizungu walifundisha bibi za wafanyakazi kushona na kutunza nyumba. Ilikuwa vizuri. Lakini hesabu ya nyumba, wengi wao walikuwa wanaijua kupita walimu.

Upande mwingine kuko ile watu wanaita banki Lambert, ambayo si benki hata kidogo: ni mtu wa mtaa anayekopesha. Unachukua dola 100 mwezi wa kumi na mbili, unarudisha 150 mwezi wa kwanza, na pengine umeacha televizio au karatasi za parsela mikononi mwake. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi 10.655 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa "départs volontaires" uliolipiwa kwa msaada wa Banki ya Dunia. Walikuwa wamekaa miezi mingi bila mushahara, na sehemu kubwa ya feza ile ilikuwa imekwisha kuliwa na madeni kabla haijafika nyumbani. Kuwasema eti walikula feza ya muda wote katika Bonane moja si haki.

Leo feza inapita ku telefone, na tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipwi, ijapokuwa sekondari ingali inalipwa. Vikundi vipya vinavyoitwa AVEC vinaweka feza mwaka muzima katika sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na vingi vinagawanya mnamo Desemba. Hata hivyo, mama mukubwa wa likelemba angali anadai daftari ya karatasi, na jina la kila mmoja liandikwe kwa biki mbele ya wote, siku ileile feza inapotolewa.